Antena imelala au imesimama? Uzi wa polaraizesheni na namna ya kuipima kwa vifaa vya mtaani

Fundi_Mwanzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa juu ya paa la shule moja nje kidogo ya Morogoro, spana namba 13 mfukoni na antena ya paneli mkononi. Kazi yenyewe ndogo: kuvusha intaneti kutoka ofisi ya walimu hadi shamba la shule ng'ambo ya bonde, kilomita moja na nusu hivi, bila mti wala jengo katikati. Antena ya upande wa pili unaiona kwa macho. Lakini simu ya kijana wangu aliyekuwa chini inasoma -81 (ni nguvu ya mawimbi kwa desibeli: ikikaribia sifuri ndiyo bora, na kila desibeli 10 ni nguvu mara 10).

Tukabadilisha waya: -81. Tukabadilisha vichwa vya waya: -80, tukashangilia kama wajinga. Tukaongeza nguvu ya kurusha, ikapanda kidogo, na intaneti bado inakwenda kwa kwikwi. Jua la saa nane linanichoma mgongo. Nikalegeza boliti nishushe antena nikapumzike, ikaniponyoka kidogo, ikageuka ubavu. Kijana akapiga kelele kutoka chini: "Kaka, hapo hapo! Hamsini na nane!"

Kumbe aliyefunga ng'ambo kabla yetu alikuwa ameilaza yake. Paneli ni mraba mweupe wa plastiki; ukiitazama haina kichwa wala miguu. Desibeli kama 20, yaani nguvu mara 100, zilikuwa zimepotelea kwenye robo duara, na sisi tunalaumu waya.

Sasa polaraizesheni ni nini? Ni mstari ambao uga wa umeme wa wimbi unacheza juu yake. Haihusiani na upande antena inakotazama. Uga ukicheza juu-chini tunasema imesimama, ile V ya kwenye menyu ya king'amuzi. Ukicheza kushoto-kulia imelala, ile H. Mafundi wa dishi wanaiita polariti, sina ugomvi nao.

Kwa nini ijalishe? Fikiria elektroni zilizo ndani ya fimbo ya antena. Wimbi linapopita linazisukuma juu na chini. Fimbo ikiwa imesimama, zina njia ndefu ya kukimbia na umeme unazalika. Ilaze fimbo hiyo hiyo: wimbi bado linazisukuma juu na chini, lakini sasa zinasukumwa kwenye unene wa waya, milimita mbili. Zitakimbilia wapi?

Kati ya kusimama na kulala hasara haiendi sawasawa. Mkipishana nyuzi 15 hupotezi hata nusu desibeli. Nyuzi 30 ni desibeli 1.25. Nyuzi 45 ni 3, nusu ya nguvu. Ndiyo maana fundi mzembe haumbuki mapema. Nyuzi 60 ni desibeli 6, nyuzi 75 karibu 12, na kutoka hapo ni kuporomoka. Kwenye 90 hesabu inasema hupati kitu. Uwanjani utakuta kama desibeli 20 hadi 30 chini, kwa kuwa hakuna antena iliyo safi kabisa, na mabati na ardhi vinarudisha mawimbi yaliyopindapinda. Ni kanuni ile ile ya kosini mraba ambayo Mfaransa Malus aliikuta kwenye mwanga mwanzoni mwa karne ya 19.

Nauliza: nani hapa ameshapima jambo hili kwa mkono wake, bila mashine za mamilioni?

---

chuga_boy

Mkuu pole na jua. Ila mimi nikiona vijiti vya Yagi (ile antena ya vijiti vingi, kama za TV) vimelala najua imelala, vikisimama imesimama. Kupima kwa nini tena?

---

Fundi_Mwanzi

Kwa Yagi uko sahihi, vijiti havidanganyi. Lakini nionyeshe vijiti vya paneli. Na kuna antena za tundu, zile za bomba la bati lenye matundu marefu ubavuni: tundu likisimama, wimbi linatoka limelala. Kinyume kabisa na macho yako. Uga wa umeme unaruka kutoka ukingo mmoja wa tundu hadi mwingine kwa njia ya mkato, haufuati urefu wake. Antena nyingi za minara ya simu nazo ndani zina seti mbili zilizoinama nyuzi 45, moja huku moja kule, na kwa nje unaona boksi lililosimama wima. Kwa umbo utakisia, mdogo wangu.

---

Bi_Kipimo

Habari zenu. Nafundisha fizikia kidato cha tano, na jambo hili tumelipima mwaka huu kwenye uwanja wa mpira. Nieleze na makosa yetu, kwa sababu ndiyo yaliyotufundisha.

Kirusha mawimbi kilikuwa kile kidogo cha 433 MHz, cha rimoti za mageti, tukakifunga kirushe mfululizo kwa betri. Urefu wa wimbi hapo ni sentimita 69, kwa hiyo dipoli yake, yaani antena ya fimbo mbili, ni vipande viwili vya waya wa shaba wa nyumbani, kila kimoja sentimita 16 na nusu. Tukakifunga juu ya mwanzi wa mita 3. Mwanzi, si bomba la chuma! Upande wa pili, mita 20 mbele, dipoli kama hiyo juu ya ubao, ubao umeshikwa katikati na msumari mmoja ili uzunguke, na nyuma yake nimegundisha kipimapembe cha ubaoni, kile kikubwa cha mbao. Kipokezi ni RTL-SDR, kile kidude cha redio cha kuchomeka USB, kwenye kompyuta mpakato.

Siku ya kwanza tukazungusha kutoka kusimama hadi kulala. Tofauti desibeli 2. Wanafunzi wakanitazama kama mwalimu wa uongo. Kosa: programu ilikuwa inajiongezea usikivu yenyewe kila mawimbi yakipungua. Zima hiyo, weka usikivu namba moja usiiguse tena. Huhitaji kujua nguvu halisi; unachotafuta ni tofauti.

Tukarudia. Desibeli 9. Bora, lakini mbali na 20. Hapa nilisumbuka siku mbili. Kisha mwanafunzi mmoja, ambaye darasani huwa kimya, akauliza: "Madam, na ule waya unaoning'inia?" Waya wa antena ulikuwa unashuka wima kutoka dipoli hadi mezani, mita mbili na nusu. Nikiilaza dipoli, ganda la nje la waya linabaki limesimama, linapokea kwa niaba yake. Antena yangu ilikuwa mbili!

Dawa: tukaurudisha waya nyuma kwanza, mita moja na nusu, ukiwa kwenye mstari wa wimbi linakotoka, ndipo ushuke. Waya ukienda hivyo, uga haupati urefu wa kuusukuma hata ukizungusha dipoli pembe gani. Tukauvalisha na pete tatu za feraiti, za kuzuia mawimbi kwenye ganda la waya, karibu na dipoli. Desibeli 22. Niliruka.

---

Mzee wa Mlingoti

Hongera mwalimu. Huyo mwanafunzi mpeni redio.

Niongeze moja ambalo vijana hawalitumii. Mkitaka kujua pembe halisi ya antena msiyoijua, msitafute pale inaposikika zaidi. Tafuteni inapokufa. Kileleni, ukikosea nyuzi 10 unapoteza desibeli 0.13, hakuna kipimo chako kitakachoona hilo. Lakini ukitoka nyuzi 80 kwenda 85 mawimbi yanashuka kutoka desibeli 15 hadi 21. Kilele ni kama mgongo wa tembo, bonde ni kama ufa. Tafuta ufa, weka alama, ongeza nyuzi 90, hapo ndipo kilele kilipo.

---

Bi_Kipimo

Shikamoo mzee. Ni kweli, sisi bonde tulilikuta kwenye nyuzi 87, si 90. Nikagundua mwanzi wetu ulikuwa umeinama.

Jaribio la mwisho niliweke hapa kwa sababu lilinisisimua mimi kuliko wao. Tukatengeneza fremu ya mbao mita 1.2 kwa 1.2, tukaivuta nyaya za kufungia nondo, zote sambamba, kila sentimita 5. Antena moja imesimama, nyingine imelala, kompyuta iko kimya. Fremu katikati, nyaya zimesimama: kimya. Nyaya zimelala: kimya. Ziinamishe nyuzi 45: mawimbi yanarudi! Unaweka kizuizi na mawimbi yanaongezeka. Nyaya zinalirudisha nyuma lile pande la uga lililo sambamba nazo, linalopita linatoka limeinama, na lililoinama lina sehemu ya kusimama na sehemu ya kulala. Heinrich Hertz alifanya hivyo hivyo Karlsruhe mwaka 1888, naye kwa nyaya kwenye fremu. Kwa hesabu unatakiwa kuwa desibeli 6 chini ya antena zilizolingana. Sisi tulipata kama 9, fremu ni ndogo na mawimbi yanazunguka pembeni.

---

chuga_boy

Sasa si tutumie ile polaraizesheni ya duara tu, ambayo uga wake unazunguka? Haina kulala wala kusimama, hakuna kugombana na spana.

---

Mzee wa Mlingoti

Marahaba mwalimu. Wewe chuga_boy, hakuna cha bure. Ya duara ikipokelewa na antena ya mstari unapoteza desibeli 3 kila wakati, hata ufanyeje. Faida yake ni kwamba hazizidi hizo 3. Kwa chombo kinachojigeuza angani ni biashara nzuri. GPS inakuja ya duara, mkono wa kulia, ndiyo maana unaweza kutupa simu kwenye kiti cha gari vyovyote.

Ila ina mtego wake: mkono. Kuna inayozunguka kulia na kushoto, na zikikutana ni sawa na kusimama kukutana na kulala. Julai 1962, setelaiti ya Telstar ilipoanza kuvusha picha za televisheni kutoka Marekani, Wafaransa kule Pleumeur-Bodou walipata picha safi. Waingereza kule Goonhilly, na dishi lao la mita 26, wakapata picha hafifu mno. Wenyewe walikuwa wamefunga mkono usio sahihi. Watu wa mwanga huhesabu wakilitazama wimbi linawajia usoni, watu wa redio wakilitazama mgongoni likienda zake. Neno "kulia" likawa na maana mbili. Walirekebisha, wakapata picha. Wahandisi wa taifa zima, sembuse wewe na spana.

Kupima: zungusha dipoli ya mwalimu mbele ya antena unayoishuku. Kama ni ya duara safi namba haitikisiki. Ikipanda na kushuka, tofauti ya juu na chini kwa desibeli ndiyo inakuambia duara limebonyea kiasi gani. Chini ya 3 tunaikubali. Ikifika 20 hiyo ni ya mstari, umeuziwa maneno.

Lakini dipoli haitakuambia mkono. Hapo unahitaji springi mbili, yaani antena za waya uliozungushwa. Kwa masafa ya 2.4 GHz chukua bomba la plastiki la milimita 40. Mzingo wake ni kama sentimita 12.5, sawa na urefu wa wimbi. Zungushia waya, kila mzunguko usogee sentimita 3.1, nyuma weka bati la sentimita 12. Moja izungushe kama nyuzi za boliti ya kawaida, hiyo ni kulia. Nyingine kinyume. Inayosikia vizuri ndiyo yenye jibu. Na kumbuka wimbi likigonga dishi likarudi, mkono unageuka: springi ya kulia mbele ya dishi inarusha kushoto.

---

Kasuku_Nairobi

Wazee hii uzi ni moto. Niulize kitu ya ruta za nje. Dishi zangu za 5 GHz zinaonyesha namba mbili, -57 na -78. Nimezizungusha mpaka nimechoka.

---

Fundi_Mwanzi

Karibu ndugu. Hizo ni mbili ndani ya moja, moja imesimama moja imelala, kila moja inabeba mzigo wake. Pembe ikikosewa kwa antena za namna hiyo zote mbili huchanganyika, haianguki moja peke yake kwa desibeli 21. Badilishana zile nyaya fupi mbili kati ya redio na antena. Udhaifu ukihama na waya, tupa waya.

---

Kasuku_Nairobi

Ilikuwa maji. Kichwa kimoja kimeoza ndani, kijani kama sukuma. Asante boss.

---

Kule_Mwanza

Samahani nawatoa kwenye sayansi nawarudisha kwenye bati langu. Nimefunga dishi la sentimita 90, naangalia setelaiti ya nyuzi 7 Mashariki. Nguvu 82, ubora 0. Nimefuata video ya Mwingereza mmoja, LNB yake (kile kichwa cha kupokea mbele ya dishi) kaiinamisha kidogo tu, na mimi nimeiinamisha kidogo tu. Dishi nimesogeza kila upande. Fundi niliyemwita kaniambia LNB imekufa, ninunue mpya, nimenunua, hali ile ile.

---

dishi_la_bati

Hii yangu. LNB haijafa, na ile ya kwanza usiitupe.

Mwingereza yuko mbali na ikweta, wewe umeikalia. Hesabu ni hii: chukua sini ya tofauti ya longitudo kati yako na setelaiti, gawanya kwa tanjenti ya latitudo yako, pembe yenye tanjenti hiyo ndiyo mgeuko wa LNB. Mwanza ni kama nyuzi 2.5 Kusini na 32.9 Mashariki. Inakuja nyuzi 84! Dar kwa setelaiti hiyo hiyo ni 77, Mbeya 71, Nairobi 87. London kwa setelaiti wanazotazama wao haifiki hata 25.

Ukitaka kuliona bila hesabu: kulala kwa setelaiti ni kulala sambamba na ikweta. Wewe uko karibu juu ya mstari huo wa ikweta na unaitazama setelaiti kwa upande wa magharibi. Mstari unaokwenda magharibi-mashariki, ukiutazama kwa kuufuata, unauona unapanda juu mbele yako. Yaani "kulala" kwake kwako ni kusimama. King'amuzi chako kinaomba V, LNB inakiletea H iliyo kwenye masafa hayo hayo. Nguvu ipo, ndiyo hiyo 82. Maana hakuna, ndiyo hiyo 0.

Legeza kishikio cha LNB, usiguse dishi. Geuza robo duara nzima. Ubora ukishatokea, cheza nyuzi tano sita huku na huku polepole, maana setelaiti nyingine zenyewe zimeinamishwa kidogo na hesabu haikumalizii kazi. Ukitaka kumaliza kama Mzee wa Mlingoti alivyosema, weka chaneli inayorushwa upande mmoja tu na kwenye menyu uombe upande wa pili wa masafa hayo, halafu geuza mpaka ife kabisa. Hapo rudisha menyu, kaza boliti.

Kingine, kwa faida ya wengine: ukiona chaneli za V zinakuja vizuri na za H hazipo kabisa, usiguse pembe. King'amuzi hupeleka volti 13 kuomba V na volti 18 kuomba H kupitia waya ule ule. Waya mrefu mbovu au kichwa chenye kutu, 18 inafika 14, LNB inadhani umeomba V. Hiyo ni kazi ya mita, si ya spana.

---

Kule_Mwanza

Niko juu ya bati. Nimegeuza. Nilikuwa nageuza taratibu kwa woga, mwanangu yuko dirishani anasoma: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, mpaka nikataka kushuka. Halafu 38. Halafu 61.

---

dishi_la_bati

Usishuke. Tano sita zaidi.

---

Kule_Mwanza

74. Nikiongeza kidogo inarudi 70. Nimekaza kwenye 74. Mama watoto anauliza kama nitalala huko huko, taarifa ya habari imeshaanza na sasa nasikia wanaicheka hiyo LNB mpya kwenye boksi.

---

chuga_boy

LNB mpya unauza bei gani mkuu?